Karatasi ya Mandazi Iliyofika Kitivoni

Siku yangu ya kwanza kazini pale chuo kikuu nilipewa ndoo, ufagio wa mpini mrefu na ufunguo wa chumba kimoja, nikaambiwa nisiguse chochote ndani yake ila sakafu. Kilikuwa chumba cha kompyuta. Zilikuwa kumi na mbili, kubwa kama masanduku ya nguo, kila moja imefunikwa kitambaa. Mashine ya kupoza hewa ilinguruma kutwa nzima, kwa hivyo kompyuta zilikaa kwenye baridi nzuri huku sisi wa usafi tukila chakula chetu kwenye ngazi za nyuma, upande unaotazama Ngara, jua likituchoma utosi. Hapo nilijua mkubwa wa idara ile ni nani.

Nilisoma mpaka darasa la nne huko kwetu Makueni, basi. Naandika haya kwa sababu vijana wa siku hizi wakimwona mama wa chai ofisini wanafikiri alizaliwa ameshika birika. Mimi nimefanya kazi miaka thelathini na moja. Nimesafisha, nimekuwa tarishi, nimepika chai, na nimewatumikia Wenyeviti wa Idara wanne. Mwenyekiti wa Idara ni mwalimu anayesimamia walimu wenzake. Juu yake yuko Mkuu wa Kitivo, anayesimamia idara nyingi kwa pamoja, na juu ya huyo iko Senati, ambayo ni mkutano wa maprofesa. Nimewapelekea chai mara nyingi na sijawahi kuona wakimaliza mapema.

Aliyenitoa kwenye ndoo ni Karani Mkuu, mzee mmoja mkali aliyevaa tai hata Jumamosi. Aliona nasoma majina kwenye milango, akanikabidhi daftari la barua. Tarishi hupeleka barua kwa miguu kutoka ofisi hii hadi ile, na kila anayepokea hutia sahihi kwenye daftari.

"Mama Kioko," aliniambia, "barua isiyo na sahihi haijafika. Hata kama umemwona mtu akiisoma, haijafika."

Nilimwamini. Chuo kizima kilimwamini, na hiyo ndiyo shida ninayotaka kuieleza.

Mtaala ni mpango wa yale mwanafunzi atakayofunzwa tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Umekatwakatwa vipande vinavyoitwa yuniti, na mwanafunzi asipopita yuniti zote zinazotakiwa havai joho. Sasa, mwalimu wa historia anaweza kufunza jambo lile lile mpaka astaafu na hakuna atakayemsumbua. Mwalimu wa kompyuta akienda likizo, akirudi anakuta amepitwa. Kwa hivyo mtaala wa kompyuta hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na sheria ya chuo inasema kabla ya kuubadilisha, wanafunzi waulizwe maoni yao. Kubadilisha sikuwahi kuona kukiwashinda. Kuuliza ndiko kulikowashinda, wote wanne, mmoja baada ya mwingine.

Mwenyekiti wa kwanza alitengenezesha sanduku la maoni kwa seremala wa Ngara, likapigiliwa ukutani karibu na choo cha wanaume. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Kila Ijumaa nililifungua mbele yake, na kila Ijumaa tulikuta vikaratasi vya mikutano ya kanisa, maganda ya njugu, na mara moja soksi. Katika muhula mzima tulipata maoni ya kweli mara moja tu. Mwanafunzi alikuwa ameandika: tufundishwe kompyuta kwa kompyuta, si kwa chaki. Mwenyekiti aliisoma, akaikunja, akasema, "Huyu hana adabu." Mtaala ukapita. Chaki ikabaki.

Baadaye nilihamishiwa tawi la jioni, kwenye jengo la kukodi kando ya barabara ya Naivasha, karibu na kwangu, mtaa wa Satellite. Wanafunzi wa huko walikuwa watu wazima, wafanyakazi wa ofisi na wa maduka, wakija masomoni wakitoka kazini. Mwenyekiti wa pili hakutaka sanduku, alitaka fomu. Maswali ishirini kwa Kiingereza kigumu kama muwa, fomu moja kwa kila mwanafunzi. Nilizigawa, na kesho yake viongozi wa madarasa wakanirudishia zote zimejazwa. Nilizitazama tu nikajua. Wino mmoja, mwandiko mmoja, hata mahali kalamu ilipokwama ni pale pale.

"Daktari," nikamwambia, "hizi zimeandikwa na mkono mmoja."

"Mama Kioko, kazi yako ni kuleta au ni kusoma?"

"Ni kuleta."

"Asante sana."

Mtaala ukapita.

Wa tatu alikuwa wa mitandao. Yeye aliweka maswali kwenye kompyuta, na akaweka kufuli: mwanafunzi haoni matokeo yake ya mtihani mpaka ajibu. Nani hapo atasoma swali? Walibonyeza jibu la kwanza kutoka juu mpaka chini ili waone kama wamepita hesabu. Mwenyekiti alichapisha majibu yale yakiwa mchoro wa duara, duara zima rangi moja, akanionyesha nilipomletea chai.

"Unaona, Mama? Wameridhika kabisa."

Nilimwambia naona duara.

Mtajiuliza kwa nini mambo haya yalinichoma hivyo, na mimi si mwalimu wala mwanafunzi. Hapo mwanzo hayakunichoma. Nilicheka nikaenda zangu. Yalianza kunichoma nilipokuwa nimerudishwa mjini, nikipika chai katika ofisi ya Mwenyekiti wa nne, na Ndinda akaingia chuo.

Ndinda ni mtoto wa Kioko wangu. Nimemlea mimi tangu akiwa na miaka mitatu, na sitajifanya mnyenyekevu hapa: hakuna mtoto kama yeye kutoka Riruta mpaka Kawangware. Alipata alama za kumwingiza katika chumba kile kile nilichokuwa nikipiga deki, isipokuwa yeye aliingia na begi badala ya ndoo. Tulikubaliana kazini tusijuane, wasije wakasema anapendelewa. Tukikutana kwenye ngazi alisema, "Habari ya asubuhi, Mama," nami nikajibu, "Njema, mwanafunzi," kisha nikigeuka ninatabasamu mpaka mashavu yanauma. Nyumbani ndiko nilikuwa Susu, kama sisi Wakamba tunavyomwita nyanya.

Ndinda alikuwa mwaka wa pili, nami nimebakisha miezi miwili nistaafu, Mwenyekiti wa nne alipoitisha mkutano wa wanafunzi kuhusu mtaala mpya. Aliitisha saa saba mchana, saa ya chakula, akaagiza chai na mandazi ili waje. Na walikuja. Harufu ya mandazi ilishuka ngazi ikaleta hata wanafunzi wa kupima ardhi, ambao mtaala ule hauwahusu hata kidogo.

Mwenyekiti aliongea saa nzima na nusu. Alionyesha picha ukutani: yuniti hii inatoka, ile inaingia, usalama wa mitandao, akili bandia, yaani kompyuta inayofunzwa kujibu kama mtu. Alipomaliza hakukuwa na muda wa maswali. Akasema, "Mwenye maoni aniandikie barua pepe. Karibuni chai."

Hapo ikaja zamu yangu. Mtunza stoo alikuwa na sheria yake: mandazi ya ofisi hayatoki bila orodha. Kwa hivyo nilikuwa nimepiga mistari kwa rula kwenye karatasi: jina, nambari ya usajili, idadi ya mandazi, sahihi. Kila mtu alipewa moja, na waliobaki nyuma waliongezewa la pili. Ndinda nilimwekea mawili, nisidanganye. Kiongozi wa darasa lao, kijana mmoja mrefu wa Bungoma anaitwa Barasa, alichukua manne.

"Barasa, hayo yote ni ya nani?"

"Shosho, mbili ni zangu, mbili ni za wagonjwa," akajibu, akiniita nyanya kama vijana wa mjini wanavyofanya.

"Wagonjwa wako wapi?"

"Wako hosteli. Njaa imewamaliza."

Nikaandika nne. Akatia sahihi. Nikapeleka karatasi kwa Karani aliyemrithi yule mzee wa tai, ili aipeleke stoo, na nikasahau.

Wiki tatu baadaye namkuta Barasa kwenye kona ya ngazi, hana mzaha hata kidogo.

"Shosho, sasa ona. Wanasema darasa yetu inahamishwa kwa mtaala mpya tukiwa katikati. Yuniti sita zile tumefanya hazitahesabiwa. Tunaongezwa mwaka mzima."

"Nani amesema?"

"Iko kwa karatasi ya mkutano wa kitivo. Kesho. Na wanasema ati sisi tumekubali. Nani alikubali? Mimi sikuulizwa kitu."

Mwaka mzima. Mimi nilikuwa naondoka baada ya wiki tano, na mpango wangu ulikuwa umepangwa kama nguo kabatini: nisukume mpaka Ndinda amalize, nimwone amevaa joho nikiwa bado na miguu yangu. Nyumbani jioni nilipakua muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, nikamweleza niliyosikia. Alikuwa ameshasikia.

"Susu, hata mimi nilikuwa nataka..."

"Kula," nikamwambia. "Hiyo niachie mimi. Hakuna mtu atakuongezea mwaka."

Akala.

Kesho yake mkutano wa kitivo ulikaa katika chumba cha juu. Mkuu wa Kitivo alikuwa profesa mmoja mama, mtulivu, wa miwani, ambaye husoma kila karatasi mpaka nyuma. Mimi nilikuwa na birika. Mwenyekiti wangu alisimama na koti lake la kijivu akaeleza mtaala mpya, kisha akasema, "Wanafunzi wameshauriwa kikamilifu, Profesa. Orodha ya waliokubali iko katika kiambatisho cha tatu."

Kiambatisho ni karatasi inayobanwa nyuma ya barua kuwa ushahidi. Nilikuwa namimina chai juu ya bega la profesa mmoja wakati wote walipofunua kiambatisho cha tatu, na nikaona mistari yangu. Mistari yangu ya rula, ule wa nne umepinda kidogo, na alama ya mafuta kwenye pembe, imetoka vizuri hata kwenye nakala. Juu yake mtu alikuwa amepiga chapa: Wanafunzi Walioshauriwa na Kukubali. Kichwa cha safu ya mandazi kilikuwa kimefunikwa na chapa hiyo. Nambari zimebaki.

Baadaye Karani aliniapia hakukusudia ubaya. Mwenyekiti alimwambia aweke orodha ya waliohudhuria, naye orodha aliyokuwa nayo ni hiyo. Ina majina, ina sahihi. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha.

Mkuu wa Kitivo alishusha miwani. "Daktari, hizi moja na mbili kando ya majina ni nini?"

Mwenyekiti akatazama. Niliona hajawahi kuiona karatasi ile maishani mwake.

"Ni mwaka wa masomo, Profesa. Mwaka wa kwanza, mwaka wa pili."

"Na huyu mwenye nne?"

"Huyo yuko mwaka wa nne."

"Wa nne wanamaliza muhula huu. Yeye amekubali nini?"

Mwenyekiti akasema huyo alitoa maoni kwa niaba ya watakaokuja. Watu wakatikisa vichwa, mmoja akaandika. Mkuu akageuza ukurasa. Nikaona jambo linapita hivyo, na likishapita hapo linakwenda Senati, na Senati hairudishi kitu.

Nataka mjue sikuwa shujaa. Fomu yangu ya kustaafu ilikuwa juu ya meza ya yule yule Mwenyekiti, ikingoja sahihi yake, na bila hiyo ningezungushwa ofisi mpaka nizeeke mara ya pili. Miaka thelathini na moja sikuwa nimefungua mdomo katika mkutano ila kuuliza, "Sukari?" Niliweka birika chini.

"Profesa, samahani. Hiyo ni mandazi."

Chumba kizima kilinigeukia.

"Mandazi gani, mama?"

"Hizo nambari. Moja ni aliyekula moja, mbili ni aliyekula mawili. Orodha niliichora mimi, ni ya stoo. Huyo wa nne anaitwa Barasa, yuko mwaka wa pili. Na hawa hapa chini saba si wa kompyuta, ni wa kupima ardhi. Walifuata harufu."

Profesa mmoja alicheka akajifanya anakohoa. Mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini, "Mama Kioko, hebu peleka birika."

"Ngoja," Mkuu akasema. "Mama, waliulizwa swali lolote siku hiyo?"

"Niliwauliza mimi. Kama wanataka maziwa."

Hakucheka. Alifunga faili polepole, akamwambia Mwenyekiti arudi akawaulize tena, darasani, bila chakula, kila mmoja aandike kwa mkono wake. Na wale wa mwaka wa pili wapewe nafasi ya kuchagua: kubaki na mtaala wa zamani wamalize kwa wakati, au kuhamia mpya na kuongeza mwaka. "Chaguo lao," akasema. "Msiwachagulie."

Mwenyekiti alinifuata mpaka jikoni.

"Umenipaka tope mbele ya watu, Mama. Ungeniambia mimi kwanza."

"Ningekuambia saa ngapi, Daktari? Niliiona ikiwa mezani."

"Miaka yote hii nimekuheshimu."

"Na mimi nimekupikia chai. Hakuna aliyeonewa."

Akatoka. Fomu yangu alikaa nayo wiki tano, kisha akaitia sahihi siku ya mwisho, saa kumi na moja kasoro, akijua naingoja.

Lakini swali aliuliza, na aliuliza vizuri. Hilo nitampa. Nilitumwa kugawa karatasi kwa mwaka wa pili, na kwa mara ya kwanza niliona mwalimu amesimama mbele ya darasa akanyamaza. Barasa alisimama akaeleza kwa nini wengi hawataki kuongezewa mwaka: kuna walio na wadogo nyumbani wanaowangoja, kuna wanaofanya kazi. Wenzake wakagonga meza. Mimi niko pale nyuma na karatasi zangu, moyo umejaa, nikisema moyoni, haya, imekwisha, mtoto wangu amepona.

Mwenyekiti akauliza, "Kuna anayetaka kuhamia?"

Mikono minane. Wa kwanza ulikuwa wa Ndinda.

Alisimama akasema, kwa sauti ile ile anayoniomba nayo chumvi, kwamba yeye anataka usalama wa mitandao, kwamba yuniti wanazofunzwa sasa ziliandikwa wakiwa bado shule ya msingi, na kwamba afadhali mwaka mmoja zaidi kuliko kumaliza haraka akiwa hajui kitu kinachotafutwa huko nje. Hakunitazama. Nilikusanya karatasi nikatoka, na sijui nilivyofika nyumbani.

Jioni hiyo sikupika. Aliingia akanikuta nimekaa.

"Unajua nimesimama mbele ya maprofesa kwa ajili yako?" nikamwambia. "Unajua fomu yangu iko wapi sasa hivi?"

"Najua, Susu."

"Kwa nini hukuniambia unataka kuhamia?"

Aliweka begi chini. "Nilianza kukuambia. Ukaniambia nile."

"Ungerudia."

"Uliniuliza lini?"

Nilikuwa nimewacheka Wenyeviti wanne, mmoja na sanduku lake, mmoja na fomu zake, na mimi katika nyumba ya vyumba viwili, mtu mmoja wa kuuliza, nilikuwa nimempakulia chakula. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Mwenyekiti, na hasira iliyobaki nimekaa nayo mwenyewe mpaka leo.

Nilistaafu. Walinipa blanketi na saa ya ukutani, Mwenyekiti akatoa hotuba akisema mimi ni nguzo ya idara. Blanketi ni zuri. Siku hizi nakaa hapa Satellite, nafuga kuku sita, na nasikia idara inataka kubadilisha mtaala tena. Hakuna aliyeniuliza kitu, na sitawalaumu, hii haihusu mtu aliyestaafu. Ila kama kuna mmoja wao anasoma hapa, namwambia waziwazi: mkusanyaji wa sahihi si muulizaji. Muulize mtu swali moja analolielewa, kisha unyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe. Nimewaona wasomi wakubwa wakishindwa hapo tu.

Mwezi uliopita Barasa na wenzake walivaa majoho. Alipita hapa na lake mkononi, akala, na akaondoka na mandazi kwenye karatasi bila kutia sahihi popote. Tangu siku hiyo majirani hawaniachi.

"Mama Kioko, wako je? Si walianza pamoja?"

"Wangu amebakisha mwaka."

"Pole, mama. Atapita tu, Mungu ni mwema."

Wanafikiri amefeli. Nawaeleza mtaala ni nini, yuniti ni nini, kwamba alichagua mwenyewe, nao wanatikisa vichwa kwa huruma kama wanavyomtikisia mtu anayeficha jambo. Nimechoka kueleza, na bado naeleza, kila mmoja kwenye lango lake.

Jana Ndinda alirudi akanikuta nabishana na mama wa kioski juu ya hilo hilo. Tulipoingia ndani nilifunga mlango, nikazima redio, nikamuuliza kama anajuta. Alivua viatu kwanza, kimoja kimoja. Sufuria ilikuwa inachemka, ulimi wangu unawasha, sikusema neno. Kisha akaanza kunijibu, na jibu lenyewe lilikuwa refu, na sehemu moja ilinihusu mimi, nilivyozoea kumjibia kabla sijamuuliza. Nililisikiliza lote.